Fuata kilo moja: namna ya kukipanga upya chama cha msingi cha kahawa kwa mfumo wa taarifa

Siku ya malipo ya pili, yale yanayotolewa baada ya kahawa kuuzwa mnadani, benchi la ofisi ya chama hujaa kabla ya saa moja asubuhi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani msaidizi katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, kwenye mteremko juu ya Moshi. Asubuhi moja ya namna hiyo mama mmoja alinisogelea mezani, akafungua fundo la kanga na kutoa stakabadhi tatu. Ya katikati ilikuwa imefifia, lakini namba yake ilisomeka: kilo 32. Kwenye orodha yangu ya malipo alikuwa na kilo 23. Nikamwonyesha orodha yangu iliyochapwa. Hakuitazama. Akasema, "Mwanangu, kahawa ile niliibeba kichwani mimi. Uzito wake naujua."

Tulishinda siku nzima tukitafuta. Daftari la kituo cha kupokelea kahawa lilikuwa na 32. Leja ya ofisini ilikuwa na 23. Mtu alikuwa ameinama juu ya kitabu jioni, taa hafifu, akageuza tarakimu mbili. Nilipohesabu nikakuta kilo zile ziliandikwa mara tano: kwenye stakabadhi, kwenye daftari la mapokezi la kituo, kwenye leja ya mwanachama, kwenye orodha ya malipo ya mkono, na mwisho kwenye kompyuta ya mhasibu. Ndiyo, kompyuta tulikuwa nayo, na programu ya hesabu tulikwisha inunua. Tuliiweka mwisho wa safari, baada ya makarani wote, kwa hiyo ilipokea makosa yao yote. Tena tuliyaamini zaidi kwa sababu yalikuwa yamechapwa.

Tangu siku ile nimesaidia vyama vingine kadhaa kujipanga, na yote ninayoyaandika hapa yametoka kwenye kanuni moja: taarifa iandikwe mara moja, pale pale tukio linapotokea, mbele ya mwenye nayo, na wengine wote wasome maandishi hayo hayo. Nimetumia chama cha kahawa kwa sababu ndicho ninachokijua. Mwenye SACCOS, zahanati, shule au duka la vifaa vya ujenzi pale mjini atabadilisha majina tu, hatua ni zile zile.

Kwa nini tunaandika mara tano

Tusiwalaumu waliotutangulia. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro ni mkongwe: chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kilianza 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata 1933. Enzi hizo kitabu kiliweza kukaa mahali pamoja tu. Kikiwa kituoni, ofisi haikioni. Kwa hiyo kituo kikawa na chake, ofisi na chake, mhasibu na chake, na kazi ya kunakili kutoka kimoja hadi kingine ikawa ajira kamili. Ule ulikuwa mpango wa busara kwa vifaa vilivyokuwepo. Sasa maandishi yale yale yanaweza kusomwa kituoni, ofisini na mjini kwa dakika moja, na sababu ya kunakili imeondoka. Kazi ya kunakili ndiyo imebaki.

Kisa ninachopenda kuwasimulia wajumbe wa bodi ni cha kampuni ya Ford ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Idara yake ya kuwalipa wauza vipuri Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500. Wakubwa wakapiga hesabu kwamba kwa kompyuta wangeweza kupunguza asilimia 20, wabaki 400. Kisha wakaitazama Mazda, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5. Mazda ni kampuni ndogo zaidi, lakini si ndogo kiasi hicho. Pale Ford karani alilinganisha karatasi tatu: oda, hati ya mapokezi ya ghalani na ankara ya muuzaji. Zikilingana analipa. Zisipolingana anaanza kusaka, na siku zake nyingi ziliishia kwenye kusaka huko. Ford ikaiondoa ankara kabisa. Oda ikawekwa kwenye hifadhi moja ya kompyuta inayosomwa na idara zote, na mpokea mzigo akaisoma pale pale mlangoni pa ghala: mzigo ukilingana na oda unapokelewa na malipo yanaandaliwa, usipolingana unarudi ulikotoka. Idara ile ikapungua kwa asilimia 75. Michael Hammer, aliyewahi kufundisha sayansi ya kompyuta MIT, alikieleza kisa hiki mwaka 1990, akionya kwamba kompyuta nyingi hununuliwa kuharakisha kazi ambazo zingefaa kufutwa.

Habari ya kupunguza watu siitilii mkazo, maana chama chenye makarani wanne hakina wa kupunguza. Ninachokishika ni ule mlango wa ghala: ukaguzi ulihamia pale mzigo unaposhuka, wakati mwenye mzigo bado yupo na kosa bado linaweza kurekebishwa kwa neno moja.

Hatua ya 1: Kubalianeni maumivu ni yapi

Kaa na bodi, meneja na karani mmoja wa kituo. Usiulize "tunahitaji mfumo gani?" Uliza ni jambo gani linalowafanya wanachama wapeleke kahawa kwa mnunuzi wa kichochoroni badala ya kuileta chamani. Kwetu majibu yalikuja haraka: malipo yanachelewa, kilo zinapotea kwenye vitabu, na hakuna anayeweza kumwambia mkulima hesabu yake hadi mhasibu arudi kutoka mjini.

Yageuze majibu hayo yawe vitu vya kuhesabika, kisha yahesabu kabla hujagusa chochote. Ni siku ngapi zinapita tangu fedha za mnada ziingie benki hadi mwanachama wa mwisho alipwe? Malalamiko mangapi ya kilo yaliandikwa msimu uliopita? Mkulima anakaa dakika ngapi kituoni tangu atue mzigo? Hili la mwisho lipime kwa saa ya simu, siku ya kawaida na siku ya msongamano wa Septemba au Oktoba. Andika namba hizo kwenye muhtasari wa kikao. Usipokuwa nazo, mwaka ujao mtabishana kama mambo yamekuwa mazuri au la, na atashinda mwenye sauti kubwa.

Hatua ya 2: Tembea na kilo

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami ningeomba uipe siku tatu nzima. Chukua kahawa ya mkulima mmoja, kwa ruhusa yake, na uifuate. Kahawa ninayoizungumzia ni parchmenti, ile iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake jembamba. Anza nayo kituoni inapotua kwenye benchi. Simama kando, usisaidie, andika.

Nani anaishika? Anaangalia nini kwanza, ukavu au uchafu? Anapima kwa mizani ipi, na ile stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka gani? Anaandika wapi? Karatasi ile inakwenda kwa nani, lini, kwa bodaboda au mfukoni mwa mtu? Anayeipokea anaifanyia nini? Endelea hadi ghalani, hadi lori liondoke kwenda kiwanda cha kukoboa mjini, hadi hati ya mnada irudi, hadi fedha ziingie, hadi mkulima aweke sahihi au dole gumba.

Halafu gundisha karatasi za manila ukutani na uichore safari yote. Kila hatua iwe na mambo manne: nani, anafanya nini, anaandika wapi, ananakili kutoka wapi. Paka rangi nyekundu kila mahali penye kunakili. Wekea alama kila mahali ambapo kitu kinalala kikisubiri mtu. Waite makarani wenyewe waje kusahihisha mchoro, kwa sababu kazi inavyofanyika na kazi inavyoelezwa na meneja ni vitu viwili.

Kwetu kulikuwa na fomu ya kijani iliyojazwa kila jioni, nakala mbili, na sahihi tatu. Niliuliza inakwenda wapi. Karani mzee aliyekuwa akiijaza akanipeleka stoo, akafungua boksi. Zilikuwa zimepangwa vizuri kwa tarehe, miaka kumi na zaidi, na hakuna aliyekumbuka nani aliwahi kuzisoma. Mzee yule alikuwa ametumia nusu saa kila jioni ya msimu kuzijaza, kwa mwandiko safi, akiamini kuna mtu zinamsaidia. Liliniuma sana jambo hilo. Muda wa mtu mwaminifu ni mali ya chama, nasi tulikuwa tukiufungia boksini.

Hatua ya 3: Futa kwanza

Ukiwa mbele ya mchoro, jiulize kwa kila karatasi: nani anafanya uamuzi kwa kuitumia hii? Pasipo na jibu, ifute. Pasipo na hakika, isimamishe mwezi mmoja usikilize nani atalalamika.

Kisha angalia ukaguzi. Mara nyingi ukaguzi uko mwisho, kwa mhasibu, wakati mkulima yuko shambani na kahawa imekwisha changanywa. Uhamishie mwanzo. Mkulima aone mizani mwenyewe, asikie namba ikitamkwa, aione ikiandikwa, apewe stakabadhi papo hapo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usifute ulinzi kwa jina la kuharakisha. Anayepima asiwe ndiye anayelipa, na anayeandaa orodha ya malipo asiwe ndiye anayeidhinisha. Sahihi tano zinaweza kuwa mbili, lakini zisiwe moja. Ya pili, ziko kumbukumbu ambazo chama kinatakiwa kuwa nazo kisheria na ambazo mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, ataziulizia. Kabla ya kufuta, keti na afisa ushirika wa wilaya umwonyeshe mchoro wako. Umuulize pia ni taarifa zipi mnatakiwa kuziingiza kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kwa mpangilio gani. Mkijua mapema, rejista yenu itafuata mpangilio huo tangu mwanzo. Mkichelewa mtajikuta mnanakili tena.

Hatua ya 4: Rejista ya wanachama

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Programu ya mamilioni juu ya rejista chafu ni bure.

Tatizo letu la kwanza huku ni majina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Mushi mia, na ndani yao akina Joseph kumi na wawili. Mwanachama ana jina la ubatizo kwenye kadi, jina la nyumbani kwenye leja, na anaitwa Baba Fulani kituoni. Simu aliyonayo imesajiliwa kwa jina la binti yake aliyeko Arusha. Na akaunti nyingine ni za wazee waliokwisha fariki: babu amelala pale kando ya migomba, kihamba, yaani shamba la ukoo, kinalimwa na wajukuu watatu, na kahawa inaendelea kuingia kwa jina lake.

Kwa hiyo kila mwanachama apewe namba moja ya kudumu. Namba hiyo isibebe maana yoyote ndani yake, isionyeshe kitongoji wala mwaka, maana kitongoji hugawanywa na namba ikaanza kusema uongo. Akifariki au akijitoa, asipewe mwingine. Kwenye mstari wake andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina analojulikana nalo, kituo chake, simu na jina la aliyesajili simu hiyo, njia ya malipo anayoitaka, na mrithi aliyemtaja.

Rejista haijengwi ofisini. Tulikwenda kitongoji kwa kitongoji, jioni, na kila mwanachama akasomewa mstari wake kwa sauti. Akina mama ndio waliosahihisha mengi. Kwa akaunti za marehemu hatukubadilisha jina kwa neno la mtu mmoja. Tuliziwekea alama, tukawapa familia muda wa kuleta muhtasari wa kikao cha ukoo na hati za mirathi, na fedha zikakaa salama hadi hapo. Kuna familia moja ilitukasirikia mno. Lakini kumlipa mjukuu aliyewahi kufika ofisini kungeweka fitina kwenye kihamba ambayo chama kisingeweza kuifuta.

Ukiwa huko shambani, chukua na nukta ya mahali kwa simu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu inaigusa kahawa, na mnunuzi anayepeleka huko atataka kujua shamba liko wapi. Kwa shamba la chini ya hekta 4, ambayo ndiyo hali ya vihamba vyetu karibu vyote, nukta moja inatosha.

Na rejista ikishakuwepo, ni mali nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, chama kikiwemo, na inadai usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ile desturi ya kubandika ubaoni orodha yenye majina, simu na namba za NIDA iachwe. Bandika namba za uanachama na kilo tu. Mwenye namba yake ataijua.

Hatua ya 5: Majedwali matano

Mfumo wa chama cha msingi hauhitaji maajabu. Unahitaji majedwali matano yanayoshikana kwa namba.

Wanachama, ambalo tumekwisha lizungumza. Mapokezi, ambapo kila mzigo unaopimwa ni mstari mmoja: namba ya stakabadhi, tarehe, namba ya mwanachama, kituo, kilo, daraja la ubora, aliyepima. Shehena, yaani kila lori lililoondoka, likiwa na mapokezi ya kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Mauzo, ambapo kila shehena inapata kilo zilizotoka kiwandani, madaraja yake (AA, A, B, PB na mengine), na bei. Na malipo.

Jina la mwanachama liandikwe kwenye jedwali la wanachama peke yake. Kwingine kote iwe namba. Ukikuta jina limeandikwa mahali pawili, ujue siku moja yatatofautiana.

Hakuna kufuta. Karani akikosea kilo, mstari ule unabaki, na unaongezwa mstari mwingine wa kuurekebisha wenye sababu na jina la aliyerekebisha. Ningemwambia meneja yeyote aishike kanuni hii kuliko nyingine zote za kiufundi. Mama yule wa kilo 32 angejibiwa kwa dakika mbili kama vitabu vyetu vingekuwa vinaonyesha kila badiliko na mkono uliolifanya.

Kila jioni zifungwe hesabu: salio la jana, jumlisha mapokezi ya leo, toa yaliyosafirishwa, lazima ulingane na magunia yaliyoko ghalani. Mtu aingie ghalani ayahesabu kwa kidole. Parchmenti hupungua kidogo ikiendelea kukauka, kwa hiyo bodi ipitishe kiasi cha upungufu kinachokubalika, na kinachozidi hapo kiulizwe siku hiyo hiyo, kisingoje ukaguzi wa mwaka. Kiwandani nako kuna upungufu wa asili, kilo 100 za parchmenti hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Waelezeni wanachama jambo hili mapema na kwa uwazi. Manung'uniko mengi niliyoyasikia kuhusu "wizi wa mjini" yalikuwa ganda tu ambalo hakuna aliyewahi kulieleza.

Hatua ya 6: Sasa chagua chombo

Chama chenye wanachama mia mbili na kituo kimoja kinaweza kuendeshwa kwa Excel iliyopangwa vizuri. Kila jedwali ukurasa wake, mstari mmoja tukio moja, safu za kituo na daraja zichaguliwe kutoka kwenye orodha badala ya kuchapwa, seli zisiunganishwe, na jumla ziwekwe kwenye ukurasa mwingine mbali na data. Kama vituo ni vingi, simu janja kituoni inafaa zaidi. KoboToolbox na ODK hukuwezesha kutengeneza fomu ya mapokezi inayojazwa bila intaneti na kutumwa mtandao ukipatikana, jambo la lazima kwenye mabonde ya huku ambako mtandao huja na kuondoka kama ukungu.

Ukienda kununua programu kwa mtu, muulize haya kabla ya kuuliza bei. Data ni ya nani? Naweza kuitoa yote kwenda Excel leo, mbele yako, bila msaada wako? Inafanya kazi bila mtandao? Mwaka wa pili nalipa nini? Nipeleke kwa chama kimoja unachokihudumia nikaongee na karani wao, siyo mwenyekiti. Nauliza hivi kwa sababu chama kimoja nilichokisaidia kilikosana na muuzaji wake katikati ya msimu, naye akafunga akaunti. Kilo za miezi miwili zikawa upande wa pili wa mlango. Tulizirudisha kwa stakabadhi za wakulima, moja moja, nyumba kwa nyumba.

Hatua ya 7: Jaribu kituo kimoja, na mheshimu karani mzee

Anza na kituo kimoja, wiki mbili, karatasi na simu kwa pamoja, ukilinganisha kila jioni. Tarehe ya kuacha daftari la zamani itangazwe tangu siku ya kwanza. Majaribio yasiyo na mwisho yanamfanya karani afanye kazi mara mbili hadi aichukie simu.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa chini ya mzee aliyepima kahawa tangu mimi sijaanza shule. Alinitazama nikimwelekeza, kisha akauliza, "Na gunia likija la maji, hiki kisimu chako kitajua?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, hakitajua. Wewe ndiye utakayekiambia." Tukaongeza swali la ukavu kwenye fomu, kabla ya kilo: asipojaza, fomu haiendelei. Aliposhika parchmenti kiganjani, akaiuma punje moja, akajaza "irudi kuanikwa", alielewa kwamba fomu imejengwa kwa ujuzi wake. Baada ya hapo yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Kijana wa kompyuta asingeweza.

Hali mpya ya mwanachama iwe hii: akipimiwa, meseji inaingia. Yetu ilisomeka hivi: "Mwanachama 0312. Leo 14/9 tumepokea kilo 27.5 kituo cha juu. Jumla ya msimu kilo 183. Ukiona kosa fika kituoni ndani ya siku 3." Asiye na simu anapewa karatasi na kusomewa. Zile siku tatu ni muhimu, kwa sababu kosa la siku tatu bado lina mashahidi.

Hatua ya 8: Malipo

Mapokezi yakiwa safi, malipo huwa kazi fupi. Tuseme mkutano umepitisha malipo ya pili ya shilingi 1,500 kwa kilo na makato ya shilingi 60. Mwanachama 0312 mwenye kilo 183 anastahili 274,500, makato ni 10,980, anapokea 263,520. Kompyuta inakokotoa wote kwa mara moja, lakini chukua wanachama kumi kwa bahati nasibu uwakokotoe kwa mkono mbele ya mjumbe wa bodi kabla ya kuidhinisha.

Wanaolipwa benki au kwa simu, tuma kwanza kiasi kidogo kwa wachache uone jina linalorudi linafanana na rejista. Gharama ya kutuma inalipwa na nani? Hilo liamuliwe na mkutano mkuu kabla ya msimu, liandikwe. Shilingi chache zisizoelezwa huvunja imani kuliko kuchelewa kwa wiki.

Hatua ya 9: Umeme, nenosiri na daftari la dharura

Kila mtu awe na nenosiri lake, asiliazime. Nakala ya data itolewe kila Ijumaa, moja ibaki ofisini na nyingine ilale nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi ifunguliwe kuhakikisha inafunguka. Pawabanki mbili kituoni. Na kitabu kimoja cha stakabadhi zenye namba zilizochapwa, kwa siku simu itakapozima: kikitumika, watu wawili waingize maandishi hayo jioni, mmoja asome, mwingine achape.

Hatua ya 10: Pima tena, uone na usichotarajia

Msimu ukiisha, chukua zile namba za hatua ya kwanza uzipime upya kwa njia ile ile, uzisome kwenye mkutano mkuu, nzuri na mbaya. Angalia pia mistari ya marekebisho: kituo kimoja kikiwa na mingi kuliko vingine, huenda mizani ina hitilafu, huenda karani anahitaji miwani. Nenda ukaone kabla ya kumhukumu mtu.

Utaona na mambo ambayo daftari lilikuwa linayaficha. Sisi tulipopanga kilo kwa kitongoji, tuliona upande mmoja umeshuka mfululizo. Tulipokwenda, tukakuta mibuni mizee isiyopogolewa na vijana waliohamia mjini. Bodi ikaamua miche ya aina zinazostahimili magonjwa, zile zinazotoka kituo cha utafiti cha TaCRI pale Lyamungu, ianzie kitongoji hicho. Zamani miche iligawanywa sawa kwa kila kituo, kwa kuwa hakuna aliyejua penye pengo.

Vitabu vya zamani msivichome. Mkaguzi atavihitaji, na siku moja mjukuu atakuja kuuliza kilo za babu yake. Vipangeni kwa mwaka, kwenye masanduku yaliyoinuliwa sakafuni, mbali na dirisha la mvua, na orodha ya kilichomo ibandikwe kwenye kifuniko. Sanduku la fomu za kijani nililifunga pamoja na yule mzee. Aliandika juu yake miaka, akaandika na jina la kituo, kwa mwandiko ule ule safi.